Je, Siku Yake Ilikuwa Imefika?



Jumapili iliyopita mchungaji alipofungua Luka 13 na kuanza kutueleza juu ya wale watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, niliinamisha kichwa mpaka ibada ikaisha. Mama aliyekaa kando yangu alidhani nimeguswa na Roho, nami sikumkatalia. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza pikipiki, na lori, na picha moja iliyokuwa ukutani kwenye karakana ya marehemu kaka yangu kule Nakuru. Ndugu anayetengeneza jarida hili ameniomba mara mbili niandike kitu na mara zote mbili nikamwambia sina la kuandika. Sasa ninalo. Mnivumilie, maana mimi si mhubiri. Nimekuwa dereva wa lori miaka 19.

Kaka yangu alikuwa fundi wa pikipiki kabla hizi boda boda hazijajaa kila kona. Pale juu ya benchi yake ya kazi alikuwa amebandika picha aliyokata kwenye gazeti kuukuu la Kiingereza. Ni mzungu amelala juu ya tangi la pikipiki, kidevu kinakaribia kugusa chuma, na kona imemlaza upande mpaka unashangaa kwa nini haanguki. Wateja walikuwa wanamuuliza, "Fundi, huyu ndiye alikusomesha?" Basi kaka anaweka spana chini, anapangusa mikono kwa kitambaa, na mahubiri yanaanza.

Huyo ni Mike Hailwood wa Uingereza, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1940. Watu wa mashindano walimwita Mike the Bike. Alikuwa bingwa wa dunia mara 9 na alishinda mbio 76 za Grand Prix za pikipiki. Mwaka wa 1961, akiwa kijana wa miaka 21 tu, alikuwa mtu wa kwanza kushinda mbio tatu katika wiki moja kwenye kisiwa cha Man, mahali panapoitwa TT. Kaka alikuwa anafafanua hapo kwa makini sana. Ile TT haikimbiwi kwenye uwanja uliozungushiwa mchanga na matairi ya kumdaka anayeanguka. Ni barabara za kawaida tu, karibu kilomita 60 kwa mzunguko mmoja, zinapita katikati ya vijiji na kupanda mlima, na kando yake ni kuta za mawe, nguzo za simu na milango ya nyumba za watu. Waendeshaji zaidi ya 250 wamekufa kwenye barabara hizo tangu ianze kutumika mwaka wa 1911. Hailwood alishinda hapo mara 14.

Wenzake walikuwa wanakufa mbele ya macho yake. Mwaka wa 1962 alikuwako mwenzake, Gary Hocking, kijana aliyelelewa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, na ambaye alikuwa bingwa wa dunia mwaka uliotangulia. Rafiki ya Hocking, Tom Phillis, aliuawa kwenye TT mwezi wa Juni. Hocking akasema basi, pikipiki nimeacha. Akahamia mbio za magari, akiamini kuna usalama kidogo. Kabla mwaka huo haujaisha, Desemba, alikufa kwa gari akifanya mazoezi huko Durban. Kaka akifika hapo alikuwa ananyamaza kidogo. Nadhani alitaka mteja ajifikirie mwenyewe.

Hailwood naye baadaye aliingia kwenye magari. Na hapa ndipo penye jambo ambalo hata mtu asiyejali pikipiki anapaswa kulijua. Tarehe 3 Machi 1973, kwenye uwanja wa Kyalami karibu na Johannesburg, gari lake liligongana na la Clay Regazzoni, mtu wa Uswisi. Gari la Regazzoni likawaka moto na yeye mwenyewe akiwa amezirai ndani, mikanda imemfunga. Hailwood alitoka kwenye gari lake akaenda kumfungua. Moto ukamshika, nguo zikawaka, akazimwa. Halafu akarudi. Nataka msome neno hilo polepole, wapendwa: akarudi. Alijua sasa moto unauma namna gani, na akarudi kwenye huo huo moto mpaka mtu yule akatolewa. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya George, ambayo raia hapewi kwa mchezo.

Sitawadanganya kwamba alikuwa mtu wa kanisa. Alipenda starehe na hakuificha. Lakini wengi wetu tuliookoka tukiona gari limepinduka, kitu cha kwanza tunatoa mfukoni ni simu, tupige picha.

Mwaka uliofuata, 1974, aliumia mguu vibaya huko Ujerumani, kwenye uwanja wa Nürburgring, na mbio za magari zikaishia hapo. Wote wakajua amestaafu. Kumbe mwaka wa 1978, akiwa na miaka 38, mguu haukunjiki vizuri, akarudi tena kisiwa cha Man baada ya miaka 11, akapanda Ducati, akashinda. Mwaka wa 1979 akashinda tena. Ndipo akaacha kabisa. Akawa na duka la pikipiki Birmingham, akawa baba wa kawaida na mke na watoto wawili.

Jumamosi tarehe 21 Machi 1981, alichukua watoto wake wawili kwa gari la nyumbani kwenda kununua samaki na chipsi. Barabara ilikuwa ile ya karibu na kwao, anayoijua. Dereva wa lori aliyekuwa mbele akageuza lori lake kupitia pengo la katikati ya barabara, mahali ambapo sheria haikuruhusu kugeuza. Gari la Hailwood likaingia kwenye lori. Binti yake Michelle, miaka 9, alikufa pale pale. Mwanawe wa kiume akapona. Hailwood mwenyewe alifariki siku mbili baadaye hospitalini, zikiwa zimebaki siku kumi atimize miaka 41.

Dereva wa lori alitozwa faini ya pauni 100.

Kaka alinisimulia habari hii yote mara ya kwanza tukiwa tumekaa kwenye makreti nje ya karakana. Wakati huo nilikuwa nina kama miaka mitano ya kuendesha lori, najiona mjuzi. Nilikasirika kweli. Nikamwambia kaka, "Pauni mia? Huyo dereva angefungwa maisha. Mtu anageuza lori kwenye barabara kuu kwa nini? Kwani alikuwa anakimbilia wapi?" Kaka akacheka akasema, "Nyinyi watu wa lori ndio mnajua." Mnakumbuka nabii Nathani alipomwendea Daudi na kisa cha kondoo mmoja wa maskini, na Daudi akatoa hukumu kwa hasira, hajui anajihukumu mwenyewe. Mimi nilihukumu mapema zaidi. Nilihukumu kabla hata sijatenda.

Ilikuwa 2011, mwezi wa Machi vilevile. Nilikuwa natoka Mombasa narudi Nairobi, lori tupu la ekseli tatu. Nilisimama kula kwenye hoteli moja ya madereva kabla ya kufika Emali, nikaomba wanichajie simu. Nikala, nikalipa, nikaondoka. Kilomita tatu mbele nikashika mfuko, simu hakuna. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, jua limezama na giza bado halijakamilika, ule wakati ambao wengine wamewasha taa na wengine hawajawasha. Mstari wa katikati ulikuwa ule usiokatika. Mbele kidogo kulikuwa na nafasi ya kugeuzia, pengine kilomita mbili hivi. Sikutaka kwenda kilomita mbili. Niliangalia kioo, nikaangalia mbele, nikakata.

Niwaeleze jinsi lori linavyogeuka, kwa wale ambao hamjawahi kuendesha. Haligeuki kama Probox. Linaingia barabarani kwa pua, likavuka upande wa pili, halafu pengine lirudi nyuma kidogo, halafu lisonge tena. Yote hiyo ni sekunde 15 ukiwa hodari. Chombo kinachokuja kwa kilomita 80 kwa saa kinakula zaidi ya mita 300 katika sekunde hizo. Na kwa huo muda wote lori limelala barabarani kama ukuta, ubavu wake hauna taa ya maana, na mtu anayekuja anaona giza mbele yake akidhani ni giza la kawaida.

Kijana alikuwa na miaka 22. Alikuwa anarudi nyumbani na pikipiki yake ya boda, hana abiria, amebeba unga kilo nne na mkate. Sikumsikia akipiga breki. Nilisikia tu lori limetikisika kidogo, kama mtu amelipiga teke.

Jina lake nalijua na halitatoka hapa, kwa sababu ya mama yake.

Nilijisalimisha kituoni. Kesi ilikwenda, ikapunguzwa mpaka ikawa kuendesha bila uangalifu, nikatozwa faini ya shilingi 20,000, na tajiri wangu akanilipia akakata kidogo kidogo kwenye mshahara. Na hapa ndipo ninapotaka tufikirie pamoja, maana yaliyofuata ndiyo yaliyonishinda kuliko mahakama.

Kila mtu alinifariji. Madereva wenzangu waliniambia hawa watu wa boda hawana taa, hawana helmeti, wanaendesha kama vichaa. Ni kweli, yule kijana hakuwa na helmeti. Nililishika neno hilo la helmeti kwa miezi mingi kama mtu anayezama ameshika ubao. Halafu mchungaji niliyekuwa chini yake wakati huo, kabla sijahamia huku, aliniwekea mkono begani akaniambia, "Ndugu, usijitese. Siku yake ilikuwa imefika. Usipokuwa wewe angekuwa mwingine." Nililia kwa furaha siku hiyo. Nikatoa ushuhuda hata. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema Mungu amenitoa mbali, na kanisa likapiga makofi.

Miaka ikapita nikaanza kuona kuna kitu kinanuka katika maneno hayo. Siyo kwamba ni uongo. Mimi naamini siku zetu zimeandikwa, na hakuna shomoro anayeanguka bila Baba kujua. Tatizo ni nani anasema. Tazameni Ayubu. Siku moja Wasabea walikuja wakachukua ng'ombe na punda, na Wakaldayo wakachukua ngamia, na watumishi wakauawa kwa upanga. Ayubu akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, nasi tunamsifu kwa imani hiyo mpaka leo. Sasa hebu fikiria Mkaldayo. Amerudi kwake jioni na ngamia za Ayubu, upanga bado una damu, anakaa na watoto wake kula, anasema, ni Bwana ametwaa. Si utamtapikia? Na maneno ni yale yale. Katika mdomo wa aliyenyang'anywa ni ibada. Katika mdomo wa aliyenyang'anya ni wizi wa pili.

"Siku yake ilikuwa imefika" ni neno la mama wa yule kijana kulisema, akitaka. Halikuwa langu. Na mchungaji hakuwa na ruhusa ya kunipa kitu cha mama huyo bila kumuuliza.

Nimekwenda kwenye Torati kutafuta, maana Musa alikuwa hakimu wa watu wengi na mambo haya aliyaona. Kuna mtu katika Kumbukumbu la Torati 19 ambaye anakata mti na mwenzake, shoka linachomoka kwenye mpini, mwenzake anakufa. Huyo anawekewa mji wa kukimbilia, asiuawe. Tazameni lakini: hata yeye, ambaye hana kosa kabisa, haambiwi rudi nyumbani ukalale. Analazimika kuondoka kwao na kukaa huko. Maisha yake yamebadilika kwa sababu mtu amekufa mkononi mwake. Halafu kuna yule wa Kutoka 21, mwenye ng'ombe anayejulikana kwa kupiga watu pembe, na ameonywa, na hakumfunga. Ng'ombe akiua mtu, mwenyewe ana hatia ya kifo. Halafu ndiyo hii inayonipata mimi moja kwa moja, Kumbukumbu 22: ukijenga nyumba, weka ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke ukaleta damu juu ya nyumba yako. Jambo lenyewe ni fundi na matofali machache tu. Lakini Mungu anaita damu.

Mstari usiokatika ni ule ukuta wa dari. Umewekwa pale na watu waliokwisha kuhesabu maiti.

Kwa hiyo mimi si mtu wa shoka, ingawa ningependa niwe. Shoka lilichomoka lenyewe. Usukani haukugeuka wenyewe.

Lakini kuna swali gumu zaidi, na hili sijalimaliza. Mwaka huo wa 2011 haukuwa mwaka wangu wa kwanza kukata mstari. Nilishawahi kugeuza mahali kama pale mara nyingi, mchana na usiku, Mtito, Salgaa, Mariakani. Mara zote nilifika nyumbani, nikala, nikaomba, nikalala. Na naamini jioni ile ile kuna madereva wengine katika Kenya hii waligeuza kama mimi, na hakuna aliyekuja, na leo ni wazee wa kanisa wenye heshima zao. Tofauti yangu na wao ni nini? Mimi nilifanya kile kile walichofanya wao. Kilichoongezeka ni kijana mwenye unga na mkate, na yeye sikumpanga mimi. Basi Mungu anihukumu kwa nini, kwa mkono wangu uliogeuza usukani au kwa nani alikuwa anakuja?

Nikisema kwa mkono tu, basi mimi na yule aliyefika salama tuko sawa, na kifo cha kijana hakiongezi kitu. Moyo unakataa. Mtu amekufa, haiwezekani isiongeze kitu. Nikisema kwa aliyekuwa anakuja, basi haki ya Mungu inakuwa bahati nasibu: huyu ni muuaji na yule ni dereva mzuri kwa sababu ya sekunde tano.

Mahali nilipofika mpaka sasa ni hapa, na wenye hekima kunizidi wanisahihishe. Dhambi ilikamilika wakati nilipogeuza, kabla kijana hajatokea. Hiyo tuko sawa na wale wote walioponea, nao watubu kama mimi, na ule ushuhuda wetu wa kutolewa mbali tuuangalie vizuri kabla ya kupigiwa makofi. Lakini deni ni kitu kingine. Deni lilizaliwa alipokufa, na ni langu peke yangu. Sifanani na dereva mwingine yeyote katika hilo, hata akiwa ametenda dhambi kama yangu mara elfu. Dhambi naipeleka kwa Mungu, na damu ya Yesu inatosha. Deni lina anwani. Lina mama yake, na nyumba yake, na njia ya udongo ya kuingilia kwake. Mimi nilikuwa nimepeleka vyote viwili kwa Mungu kwa sababu Mungu alikuwa karibu na Emali ilikuwa mbali.

Mnakumbuka Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoacha barabara likaingia kwa watu waliosimama kando, kina mama waliokuwa wanauza vitu vyao, wasafiri, watu wa boda. Walikufa zaidi ya watu 50. Wiki hiyo nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema pengine mahali pale pana madhabahu ya damu. Wengine wakasema siku zao zilikuwa zimefika. Zaidi ya watu 4,000 wanakufa katika barabara zetu kila mwaka, na kama kila mmoja siku yake imefika tu, basi nashangaa kwa nini siku za Wakenya zinapenda kufika wikendi na usiku, na mahali pasipo na taa. Bwana wetu alipozungumza juu ya Siloamu alikataa kabisa kuwachambua waliokufa. Akawageukia waliokuwa wamesimama wakimsikiliza, wazima, miguu yao miwili.

Nirudi kwa Hailwood kidogo, maana kuna mwisho ambao kaka hakuupenda. Yule Regazzoni aliyetolewa motoni aliendelea na mbio, mwaka wa 1980 akapata ajali Marekani, akapooza miguu. Hakukaa kulia. Aliendesha magari ya kutumia mikono na kuwasaidia walemavu wengine waendeshe. Halafu Desemba 2006, kwenye barabara kuu ya Italia karibu na Parma, gari lake liligonga lori akafa. Lori tena. Kaka alipojua hivyo alisema, "Sasa unaona? Kifo kilikuwa kinawadai wote wawili." Nikamwambia hapana, na hiyo ni mara moja tu nilimshinda kaka kwa hoja. Kati ya moto wa Kyalami na lori la Parma kuna miaka 33. Hailwood hakujua ni miaka mingapi alipokuwa anafungua ile mikanda. Angeweza kuwa anampa mtu wiki moja. Hakusimama kuuliza kama siku ya mwenzake imefika. Kama angeliuliza hilo swali, angekaa kwenye nyasi akatazama gari likiungua, na hakuna ambaye angemlaumu.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia "siku yake imefika" nauliza kwanza, je, neno hili linamfanya mtu anyanyuke au linamkalisha?

Kaka alifariki 2018 kwa ugonjwa wa sukari. Tulipofunga karakana mimi ndiye niliyepewa ile picha. Nikaiweka nyumbani sebuleni, mke wangu hakuelewa. Kila nikipita naiona, na kila nikiiona namkumbuka yule dereva wa lori wa Uingereza ambaye jina lake sijawahi kulitafuta wala sitalitafuta. Yeye hayumo kwenye picha yoyote. Mwezi wa Machi watu wa pikipiki wanamkumbuka bingwa wao, na ni haki. Mimi najikuta nawaza huyo mwingine, kama aliwahi kugonga mlango wa ile familia, na kama aligonga, alisema nini.

Machi ya 2019 nikapanda basi nikaenda Emali. Kutoka pale nilichukua boda, na kijana aliyenibeba aliniuliza naenda kwa nani, nikamtajia, akasema, "Kwa mama ya marehemu." Ndivyo wanavyomwita mpaka leo.

Mama yule ni mtu mzima, amenizidi kama miaka kumi. Alinijua nilipokuwa bado getini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi na mstari wa Biblia. Yote yaliniponyoka. Alinikaribisha chini ya mwembe, akaleta kiti, akaleta chai, akakaa. Akasema, "Nilikusamehe 2012 kwenye mkutano wa Injili. Sikukusamehe kwa ajili yako, baba. Nilikuwa silali." Nikasema, "Asante, mama." Akasema, "Lakini kuna kitu nilitaka kukuuliza, na kule kortini hakuna mtu aliyeuliza. Walizungumza habari ya mstari na taa na helmeti. Wewe ulikuwa unarudi wapi?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimesahau simu kwenye hoteli.

Alinyamaza muda mrefu. Kuku walikuwa wanapita chini ya viti. Halafu akaniuliza, "Na simu uliipata?"

Nikasema, "Niliipata, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akamimina chai nyingine, yangu kwanza halafu yake. Hakuniambia ni sawa. Hakuniambia siku ilikuwa imefika. Na mimi sikumwambia. Tulikunywa chai, halafu akanipeleka nyuma ya nyumba ambako mwanawe amelala, tukang'oa majani yaliyoota juu ya kaburi, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, mpaka tukakutana.

Tangu hapo naenda kila Machi. Mwaka huu nilikwenda tukapalilia tena, halafu alianza kuangalia jua. Akaniuliza kama nimekuja na gari. Nikamwambia nimekuja na matatu, niliacha kuendesha. Akasema basi niwahi kabla ya giza, na akanifungia ndengu kilo mbili kwenye mfuko nimpelekee mke wangu.